John Newton, Nahodha Aliyejifunza Kuomba Upya



Kamati ya jubilei ilipokaa kupanga kijitabu hiki, ilikubaliwa kwamba pamoja na ratiba, salamu za viongozi na majina ya waanzilishi, tuweke pia maisha ya mtunzi mmoja ambaye tumemwimba tangu kwaya ianze. Majina yalitajwa mengi, na mabishano hayakukosa. Mwishowe tulimchagua John Newton, mwandishi wa wimbo wa neema ya ajabu, ule ambao dunia nzima huujua kwa jina la Amazing Grace. Ni nadra kwetu kuwa na mkesha wa mazishi ambao umeisha bila mtu kuuanzisha.

Tulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni neno lenyewe jubilei. Katika Walawi 25, mwaka wa hamsini ni mwaka wa kupiga tarumbeta na kuwaachilia waliouzwa utumwani warudi kwa jamaa zao. Newton alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Ya pili inatugusa sisi wenyewe. Kabla ya kupanda jukwaani kwenye mashindano, huwa tunashikana mikono nyuma ya ukumbi na kuomba. Tukisema kweli, tunaomba nambari moja, ingawa tunaifunika kwa maneno ya utukufu wa Mungu. Kwaya iliyo upande wa pili wa ukuta nayo inaomba hiyo hiyo. Jambo hili limezungumzwa mazoezini mara kadhaa bila kufikia mwisho, na ni katika kusoma maisha ya Newton tulipoona kwamba tatizo letu ni la zamani na ni kubwa kuliko kikombe cha mashindano.

Newton alizaliwa mwaka 1725 huko Wapping, mtaa wa mabaharia kando ya mto Thames jijini London. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara za bahari ya Mediterania, mtu mkali ambaye nyumbani alikuwa kama mgeni. Aliyemlea hasa ni mama yake, Elizabeth. Huyo alimfundisha kusoma, akamkaririsha maandiko, katekisimu na nyimbo za Isaac Watts, na moyoni alitamani mwanawe aje kuwa mhubiri. Kifua kikuu kilimchukua mwaka 1732, mtoto akiwa bado siku chache atimize miaka 7. Akiwa na miaka 11 baba alimpandisha melini, na shule ikaishia hapo.

Watu wengi hudhani kwamba Newton kijana hakujua kuomba. Alijua sana. Kabla hajafika miaka 16 alikuwa ameshika dini na kuiacha mara tatu au nne. Kuna kipindi cha zaidi ya miaka miwili alipokuwa akitumia sehemu kubwa ya siku katika kusoma Biblia, kutafakari na kuomba. Alifunga mara nyingi. Kwa miezi mitatu hakugusa nyama. Aliogopa hata kujibu swali asije akatamka neno la upuuzi. Baadaye, alipoandika habari zake, alikiri kwamba dini ile ilimfanya mnyonge, mkimya na mtu asiye na faida kwa yeyote, kwa maana haikuwa na lengo zaidi ya kumwokoa yeye na moto. Basi siku alipokutana na kitabu kilichobeza imani, aliitupa dini yote kama mtu avuaye kanzu ya kuazima.

Mwezi Desemba 1742 alitumwa Kent kwa shughuli ya baba yake, akapitia Chatham kwa familia ya Catlett waliokuwa marafiki wa marehemu mama yake. Huko alimwona binti yao Mary, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 14. Newton mwenyewe alikuwa na 17. Alikaa wiki tatu badala ya siku tatu, na meli iliyokuwa impeleke kazini Jamaika ikaondoka bila yeye. Tunalitaja hili kwa sababu penzi hilo lilidumu hadi kaburini, na kwa sababu katika miaka yake mibaya kabisa, alipokuwa hamwogopi Mungu wala wanadamu, hofu ya kudharauliwa na Mary ndiyo iliyomzuia asijitupe baharini.

Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu na kuingizwa jeshi la majini, kama ilivyokuwa desturi ya Uingereza wakati wa vita. Alitoroka, akashikwa, akafungwa pingu, akachapwa mijeledi mbele ya wenzake na kuvuliwa cheo. Njiani akabadilishwa na baharia mwingine, akahamia meli ya biashara iliyokuwa ikielekea pwani ya Afrika Magharibi. Huko Sierra Leone alishuka na kuajiriwa na Mwingereza mwenzake aliyekuwa akinunua na kuuza watu katika visiwa vya Plantain.

Tajiri yule aliposafiri, Newton alishikwa na homa kali. Mwanamke aliyekuwa msimamizi wa nyumba hakumpenda. Akalala juu ya mkeka, na gogo likawa mto wake. Chakula alipewa masazo, na siku nyingine hakupewa. Usiku alijikokota shambani kung'oa mizizi na kuila mbichi. Kule walikuwako watumwa waliofungwa minyororo wakingoja meli, na hao ndio waliomwonea huruma. Katika posho yao ndogo walimkatia kidogo, wakampa kwa siri. Majina yao hatuyajui. Tunaomba msomaji akumbuke chakula hicho, maana tutarudi kwake.

Alipopata nafuu alipanda michikichi? La, ilikuwa miche ya ndimu, safu moja hivi, kwa amri ya tajiri. Tajiri akamdhihaki kwamba labda miti hiyo ikikua, Newton atarudi akiwa nahodha wa meli yake mwenyewe. Dhihaka hiyo ilikuja kutimia neno kwa neno.

Baba yake alimwomba rafiki mwenye meli amtafute, na mwaka 1747 meli iitwayo Greyhound ikampata. Newton alipanda akiwa na kinywa kichafu kiasi kwamba nahodha, ambaye naye hakuwa mtakatifu, alichoka kumsikiliza. Usiku wa Machi 1748, kaskazini mwa Atlantiki, dhoruba ilipasua ubavu mmoja wa meli. Newton aliamshwa na maji yakiingia chumbani. Akiwa anapanda ngazi aliagizwa arudi kuchukua kisu, na mtu aliyepanda badala yake akasombwa na wimbi papo hapo. Kilichowaokoa ni shehena: meli ilikuwa imebeba nta na mbao, vitu vyepesi kuliko maji. Tangu saa tisa usiku hadi karibu saa sita mchana alipiga pampu. Alipoishiwa nguvu alishika usukani, akaongoza meli hadi usiku wa manane. Katikati ya kazi hiyo neno la kuomba rehema lilimponyoka bila kulipanga, kisha akashtuka, akajiuliza mtu kama yeye atapataje rehema.

Wiki nne zilizofuata walikula nusu ya samaki mmoja mkavu kwa siku, watu kumi na wawili. Nahodha alimwita Yona na kusema waziwazi kwamba wangemtupa baharini huenda bahari ingetulia. Walipotia nanga Lough Swilly huko Ireland, chakula cha mwisho kilikuwa kinachemka chunguni. Siku hiyo ya dhoruba Newton aliiadhimisha kwa kufunga na kuomba kila mwaka hadi uzee wake.

Hapa ndipo tunapotaka kwenda polepole. Tumesikia mara nyingi, hata mimbarini, kwamba Newton aliokoka katika dhoruba akaacha biashara ya watumwa. Ni hadithi tamu, na inafaa kwa mahubiri ya dakika 20, lakini si kweli. Aliokolewa na dhoruba mwaka 1748, na mwaka huo huo alirudi Afrika akiwa afisa wa kwanza wa meli ya watumwa. Mwaka 1750 alimwoa Mary, na mwaka huo huo alipewa meli yake mwenyewe. Alikwenda safari tatu akiwa nahodha, hadi mwaka 1754. Alifika tena Plantain akakuta ndimu zake zimekuwa miti.

Tena katika safari hizo alikuwa mtu wa maombi kuliko wakati wowote wa ujana wake. Kila Jumapili aliwakusanya mabaharia mara mbili kwa ibada, yeye akiongoza liturujia. Alijitengea saa za kusoma Biblia. Alijifundisha Kilatini. Alimwandikia mke wake barua ndefu za upendo na kumcha Mungu. Hatuna sababu ya kusema kwamba maombi yake yalikuwa ya unafiki. Alilia kwa kweli, alishukuru kwa kweli. Chini ya mbao alizopigia magoti walilala mamia ya watu uchi, wamefungwa wawili wawili. Katika safari ya pili vijana wachache walishukiwa kuhusika na njama ya maasi, naye aliwatia pingu na kuwabana vidole gumba kwa chombo cha chuma ili wakiri, kisha akaliandika tukio hilo katika daftari lake la safari kama anayeandika hali ya upepo.

Aliomba nini? Yeye mwenyewe ametuambia. Kazi ile ilimchosha, alijiona kama askari jela, minyororo na makufuli vilimkera. Kwa hiyo alimwomba Mungu mara nyingi ampe kazi nyingine yenye utu, amweke karibu na watu wa kanisa, na amwondolee kutengana na mke wake kwa muda mrefu. Hakuna neno baya katika ombi hilo. Wengi wetu tumeomba kama hilo kuhusu kazi zetu. Lakini tukilisoma mara ya pili tunaona kwamba katika meli yenye mamia ya roho, ombi lote linamhusu mtu mmoja. Waliofungwa wanatokea kama kero ya mwombaji.

Mwaka 1754 alirudi Liverpool kutoka safari ya tatu bila kupoteza mtu hata mmoja, jambo la nadra katika biashara ile. Akatoa shukrani makanisani. Tumejaribu kuwaza tangazo hilo likisomwa kwenye ibada ya kwetu, na waumini wakiitikia. Watu aliowavusha salama walikuwa wamekwisha kuuzwa visiwani Karibi. Walipofika wakiwa hai, ilikuwa ni baraka kwa aliyewauza.

Ombi lake lilijibiwa Novemba mwaka huo. Siku mbili kabla ya kung'oa nanga tena, akiwa anakunywa chai na mke wake, alianguka na kupoteza fahamu kwa karibu saa nzima. Madaktari walimshauri asisafiri. Nahodha aliyechukua nafasi yake alifia safarini pamoja na maafisa wengi. Newton hakuacha biashara kwa dhamiri. Aliiacha kwa ugonjwa, na miaka mingi ilipita kabla ya dhamiri kufuata.

Mwaka 1755 aliajiriwa forodhani Liverpool, kazi ya kukagua meli zinazoingia na kusaka mali ya magendo. Yaani alikuwa mtoza ushuru. Jambo hili lilipotajwa mazoezini, watu wa besi walicheka na kusema kwamba sasa hadithi inakwenda vizuri, wakimkumbuka yule mtoza ushuru wa Luka 18 aliyesimama mbali hekaluni asithubutu kuinua macho. Haikwenda haraka hivyo. Newton alitaka uchungaji, na mwaka 1758 alikataliwa na Askofu Mkuu wa York. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, na urafiki wake na wahubiri wa uamsho ulitiliwa shaka. Alibisha milango mingine kwa miaka sita. Mwaka 1764, kwa msaada wa Lord Dartmouth, alibarikiwa na kupelekwa Olney, mji mdogo wa Buckinghamshire uliojaa maskini waliofuma lesi majumbani mwao kwa ujira mdogo, wengi wakiharibika macho na mapafu kwa kuinama siku nzima penye mwanga hafifu.

Tunafikiri shule ya pili ya maombi ya Newton ilikuwa Olney. Huko hakuna aliyevutiwa na nahodha. Alikwenda kwenye nyumba za wafumaji akiwa bado na koti lake la bahari, akakaa kwenye vigoda, akasikiliza. Kanisa lilifurika hadi ikabidi kujenga roshani ndani yake. Watoto walikusanywa kwa mafundisho, na mikutano ya maombi ya katikati ya wiki ikawa mikubwa hata ikahamishiwa katika jumba tupu la Lord Dartmouth. Waliosimama kuomba walikuwa watu wasio na elimu, wengine hawakujua kusoma. Kwa ajili yao Newton alianza kutunga nyimbo, akizifanya nyepesi ili mtu wa kawaida azielewe akiimba mara ya kwanza. Hakuziandika ili zidumu. Aliziandika kwa sababu wiki imefika na watu watakuja.

Aliyetunga pamoja naye ni William Cowper, mshairi aliyehamia Olney mwaka 1767. Cowper alikuwa mgonjwa wa huzuni nzito. Januari 1773 ugonjwa ulimrudia kwa nguvu, akaamini kwamba Mungu amemkataa milele, akajaribu kujiua. Newton na Mary walimchukua nyumbani kwao, wakakaa naye zaidi ya mwaka mmoja. Walimwombea bila kukoma. Cowper aliishi hadi mwaka 1800 na imani hiyo ya kukataliwa haikumtoka. Kwa macho ya kibinadamu Newton hakupewa alichoomba. Rafiki alipokufa, Newton ndiye aliyehubiri ibada ya ukumbusho wake.

Wimbo wetu ulizaliwa katika siku hizo hizo. Newton aliuandaa kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1773, pamoja na mahubiri kutoka 1 Mambo ya Nyakati 17. Inafaa tufungue sura hiyo. Mfalme Daudi anataka kumjengea Mungu nyumba. Nia ni njema, mali ipo, hata nabii Nathani mwanzoni anakubali. Usiku Mungu anakataa: si wewe, atajenga mwanao. Ndipo Daudi anaingia, anaketi mbele za Bwana, na badala ya kurudia ombi lake anauliza yeye ni nani na jamaa yake ni nini hata afikishwe hapo. Maneno hayo ya mtu aliyenyimwa ndiyo yaliyomtunga Newton wimbo. Tumekuwa tukiuimba kama wimbo wa ushindi, kwa sauti ya juu na vigelegele, na pengine si vibaya, lakini chanzo chake ni mtu aliyekaa chini.

Kwa wapenda muziki tuongeze kwamba sauti tunayoitumia leo Newton hakuisikia kamwe. Maneno yake yaliunganishwa na tuni hiyo huko Marekani mwaka 1835, miaka 28 baada ya kifo chake. Mwaka 1779 yeye na Cowper walichapa nyimbo za Olney, jumla 348, nyingi zikiwa zake. Kati ya hizo imo moja isiyoimbwa sana, kuhusu mtu anayeomba akue katika imani na upendo. Anatarajia kupewa mara moja na kwa upole, lakini anaonyeshwa uovu uliofichika moyoni mwake na mipango yake kuvunjwa mmoja baada ya mwingine, hadi anaelewa kwamba hilo ndilo jibu. Newton aliijua njia hiyo.

Mapema mwaka 1780 alihamia kanisa la St Mary Woolnoth, katikati ya wafanyabiashara na mabenki ya London. Desemba 1785 alijiwa kwa siri na mbunge kijana, William Wilberforce, ambaye alizunguka uwanja wa jirani kabla ya kupata ujasiri wa kugonga mlango. Wilberforce alikuwa ameguswa na injili na alifikiri aache siasa. Newton alimshauri abaki Bungeni. Huenda hakujua ushauri huo ungemrudia yeye mwenyewe, kwa sababu miaka michache baadaye Wilberforce na wenzake walipoanza kupigana na biashara ya watumwa walihitaji shahidi, na ni wachungaji wangapi wa London waliokuwa wamewahi kushika funguo za pingu?

Mwaka 1788, akiwa na zaidi ya miaka 60, Newton alichapa kijitabu kuhusu biashara hiyo. Hakuwa na haja. Watu walimheshimu, nyimbo zake ziliimbwa, na kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1764 kilikuwa kimemfanya maarufu kama mfano wa neema. Katika kitabu kile cha kwanza aliisimulia kazi ya utumwa bila kuilaani waziwazi. Sasa aliandika kama mtu aliye kizimbani. Alikiri kwamba dhamiri inamlazimu aone haya hadharani, kwamba ungamo lake limechelewa na haliwezi kurudisha chochote. Kisha akaeleza aliyoyaona: watu waliopangwa chini ya sitaha kama vitabu kwenye rafu, wasioweza kugeuka, wakiteleza na kuchubuka mbao zikitikisika, wanawake waliotendewa na mabaharia kama nyara. Nakala zilipelekwa kwa wabunge. Mwaka 1790 alisimama mbele ya kamati ya Bunge na kutoa ushahidi.

Tumehesabu: kutoka dhoruba hadi kijitabu ni miaka 40. Mtu aliyelishwa kwa siri na wafungwa alihitaji miaka yote hiyo ya kuomba, asubuhi na jioni, ndipo waliomlisha waingie katika maombi yake kama ndugu. Hatulisemi hili kumshusha. Wapo kati yetu wanaodhani tungemwondoa katika kijitabu hiki, na mzee mmoja wa kwaya alitwambia wazi kwamba hawezi tena kuuimba wimbo ule kwa moyo mweupe. Tumemwachia haki yake. Wengine tunaona kwamba mtu aliyekuwa tayari kuharibu sifa yake nzuri kwa kusema ukweli dhidi ya nafsi yake alikuwa ameanza kuomba kama mtoza ushuru yule, hatimaye.

Desemba 1790 Mary alikufa kwa saratani. Newton alihofia tangu zamani kwamba alimpenda kupita kiasi, na alikuwa ameweka akiba andiko moja ambalo hakuwahi kulihubiri, Habakuki 3, kuhusu mtini usiochanua na zizi lisilo na ng'ombe. Ndilo alilolihubiri katika ibada ya mkewe, yeye mwenyewe mimbarini. Hawakuwa wamejaliwa mtoto wao wa kuzaa. Waliwalea wapwa wawili wa Mary au wa ukoo wao, na mmoja alifariki angali msichana.

Tawi la hadithi hii linafika kwetu. Mwaka 1783 Newton na wenzake wachache walikuwa wameanzisha kikundi cha makasisi kilichoitwa Eclectic Society. Katika mazungumzo ya kikundi hicho ndimo lilimotoka wazo lililozaa, mwaka 1799, chama cha wamisionari cha CMS. Wamisionari wake wa kwanza walipelekwa mwaka 1804 Sierra Leone, pwani ile ile ya ndimu na minyororo. Mwaka 1844 Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama hicho, alifika Mombasa, na mwaka 1875 chama kikaanzisha Freretown, makazi ya watu waliotolewa utumwani katika pwani yetu. Kengele yao ingali Kengeleni, Nyali. Ilipigwa kuwaonya watu kwamba majahazi ya watumwa yanakaribia. Wengi tumepita pale kwa matatu bila kugeuka kuitazama.

Tarehe 25 Machi 1807 sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa katika milki ya Uingereza ilikamilika. Newton alikuwa bado hai, karibu kipofu, masikio mazito, kumbukumbu ikimponyoka hata mimbarini. Alifariki tarehe 21 Desemba mwaka huo, akiwa na miaka 82. Alikwisha kuandika mwenyewe maneno ya jiwe lake la ukumbusho na kuagiza lisiwekwe jingine. Hakutaja wimbo hata mmoja. Alianza na jina lake, na kwamba aliwahi kuwa kasisi, kisha akataja kwamba hapo kwanza alikuwa mkana Mungu na mtu wa anasa, mtumishi wa watumwa huko Afrika.

Mwaka 1893 mifupa yake na ya Mary ilihamishwa kutoka London na kuzikwa Olney, penye wafumaji.

Siku ya jubilei wimbo wake utaimbwa baada ya sadaka, kabla ya maombi ya watu wote. Mwalimu wa kwaya ameelekeza kwamba ubeti wa kwanza uimbwe polepole, bila kinanda wala ngoma, kwaya ikiwa imeketi. Washirika mnaombwa mketi pia.